Breki za Altezza kuukuu: pesa ndogo ianzie wapi

Wenye gari za spoti za zamani hapa Unguja wakikutana, mazungumzo huanza kwenye injini na huishia kwenye breki. Altezza, Celica, Impreza, Mark II: gari hizi zilitengenezwa ziende, na nyingi bado zinakwenda. Kinachowatia wasiwasi wenyewe ni kuzisimamisha. Pedali inazama, usukani unatetemeka, gari inavuta upande mmoja. Na dawa inayotajwa mwanzo siku zote ni ile ile: tafuta kalipa kubwa (vile vibano vinavyobana pedi kwenye diski) za pistoni nne, zile nyekundu, na diski zenye matundu.

Naamini mpangilio huo umegeuzwa juu chini, na unawapotezea vijana pesa ambazo zingewapa breki nzuri kweli. Altezza ilianza kutoka kiwandani mwaka 1998 na ya mwisho ilitoka mwaka 2005. Kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka ishirini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo imeishi kwenye hewa ya chumvi. Mara nyingi mtu anayelalamika kwamba breki za Altezza ni dhaifu hajawahi kukanyaga breki za Altezza zilizo nzima. Anazijua zilizochoka tu. Basi kabla ya kununua kikubwa, inafaa kuelewa breki inafanya nini khasa, ndipo ujue pesa yako inakwenda kununua nini.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga pedali, mastasilinda, silinda kuu ya breki, inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni za kalipa, pistoni zinabana pedi juu ya diski, na msuguano unazaa moto. Chukua gari ya kilo 1,500 pamoja na dereva na abiria mmoja. Ikiwa kwenye kilomita 50 kwa saa imebeba nishati ya kilojuli 145 hivi. Ongeza mwendo mara mbili, ifike 100, na nishati inapanda mara nne, karibu kilojuli 580. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: breki zinazoonekana nzuri Darajani kwenye foleni zinaweza kuwa hazifai kabisa barabara ya Tunguu.

Sehemu kubwa ya moto huo, tuseme asilimia 70, huenda mbele, kwa sababu gari ikifunga breki uzito wake huegemea mbele. Diski moja ya mbele yenye uzito wa kilo 7 itapanda joto kama nyuzi 60 kwa kusimama mara moja tu kutoka kilomita 100. Hiyo si kitu. Diski inastahimili mamia ya nyuzi. Tatizo ni kusimama mara ya pili, ya tano, ya nane, kabla chuma hakijapata nafasi ya kupoa.

Na hapa Pemba na Unguja zinaachana. Unguja ni tambarare kiasi kwamba dereva mpole anaweza kumaliza mwaka mzima breki zake zisionje moto wa kweli. Pemba ni vilima na mabonde, kupanda na kushuka tangu Mkoani mpaka Konde. Gari hiyo hiyo ya kilo 1,500 ikishuka kilima chenye kimo cha mita 30, mteremko peke yake unaipa nishati ya kilojuli 440, sawa na kusimama kutoka kilomita 87 kwa saa. Ukiushika mteremko wote kwa breki bila kutumia gia ndogo, umeshachoma moto huo, na mbele yako kuna mteremko mwingine. Mwenye Altezza wa Chake Chake ana haja kubwa zaidi ya breki zinazovumilia joto kuliko mwenzake wa Kiembe Samaki, ingawa huyu wa Unguja ndiye anayezungumzia kalipa kubwa zaidi.

Diski kubwa na kalipa kubwa kazi yake ya kwanza ni kubeba joto. Kukusimamisha kwa umbali mfupi zaidi katika breki moja ya ghafla ni kazi ya tairi. Jaribio lake ni rahisi. Tafuta barabara kavu, tupu, asubuhi mapema, uende kilomita 40 au 50 kwa saa, kisha kanyaga kwa nguvu zako zote. Kama tairi zinafunga na kulia, au ABS, mfumo unaozuia tairi zisifunge, inadunda chini ya mguu, breki zako tayari zina nguvu kuliko tairi inavyoweza kushika barabara. Kalipa za pistoni nne hazitaongeza chochote hapo. Tairi nzuri kwenye lami kavu inaweza kuisimamisha gari kutoka kilomita 100 ndani ya mita 50 hivi. Tairi iliyokauka, kwenye lami yenye maji ya masika, inaweza kutaka mita 80 au zaidi, na breki ni zile zile.

Kwa hiyo kabla ya yote, inama usome ubavu wa tairi. Kuna tarakimu nne ndani ya kijiduara kirefu: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi nyingi za mtumba zinazouzwa hapa zina kashata nzuri lakini mpira wake ni mgumu kama kifuu, na mwenye gari ya spoti anayefunga hizo kisha akanunua diski za matundu amemwaga pesa baharini.

Uzima kabla ya ukubwa

Nianze na mafuta ya breki, kwa sababu ndiyo dawa rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Mafuta haya yanavuta unyevu. Yanauvuta kupitia mipira, kupitia sili, kupitia kifuniko cha kibuyu cha mafuta, kidogo kidogo, na kisiwa chetu kina unyevu wa kutosha kwa kazi hiyo. Ubora wake hupimwa kwa kiwango cha kuchemka, na daraja lake huandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 huanza 230 na kushuka hadi 155. DOT 5.1 huanza 260 na kushuka hadi 180.

Tazama vizuri tarakimu hizo. DOT 4 yaliyochakaa yanachemka mapema kuliko DOT 3 mapya, tena kwa tofauti kubwa. Na mafuta yakichemka ndani ya kalipa yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama hewa, na pedali inakwenda mpaka chini bila kitu kushika. Hayo huwakuta watu kwenye mteremko, breki zikiwa zimeshatumika sana, na gari ikishapoa pedali inarudi kama kawaida, kwa hiyo fundi akiikagua kesho yake haoni kosa.

Vitabu vingi vya gari husema badilisha kila baada ya miaka miwili. Kwa gari ya spoti inayoishi pwani, mimi nasema kila mwaka. Nunua DOT 4 au 5.1 kwenye chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, uifungue siku ya kazi. Usikubali mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Huwezi kujua yamekaa wazi kwa muda gani, wala kama ni ya breki kweli. DOT 5 tupu, isiyo na ".1" mwishoni, ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyengine, iwache dukani. Na mtu yeyote asije akakujazia mafuta ya gia au ya injini kwenye kibuyu cha breki, hata tone la kukufikisha nyumbani. Mipira yote ya mfumo, kuanzia mastasilinda hadi kalipa za nyuma, itavimba, na hapo utakuwa unanunua breki nzima.

Wakati wa kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta ya breki, kuna jambo moja ambalo mafundi wengi hawalijali. Kwenye gari ya zamani, mwenzako anayekanyaga pedali asiizamishe mpaka sakafuni. Miaka yote hiyo sili za mastasilinda zimetembea sehemu moja tu ya silinda. Mbele yake kuna sehemu isiyoguswa, imeshika kutu na uchafu. Pedali ikizama mpaka mwisho, sili zinapita juu ya ukwaru huo na kukatika, na gari iliyoingia gereji na breki hafifu inatoka haina breki. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kiizuie, na utoe upepo kwa vituo vifupi.

Baada ya mafuta, pini za kalipa. Altezza nyingi zina kalipa inayoteleza: pistoni ipo upande wa ndani tu, na mwili wa kalipa unasogea juu ya pini mbili ili pedi ya nje nayo ibane. Pini ikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake. Gereji moja ya Mwanakwerekwe niliona kalipa ya mbele kushoto ikifunguliwa kwenye gari ambayo mwenyewe alikuwa ameshaweka oda ya kalipa kubwa. Pedi ya ndani ilikuwa imebaki na milimita 3, ya nje ilikuwa na 9. Pini ya chini haikutoka kwa mkono. Fundi aliigonga, akaizungusha kwa koleo, na ilipochomoka ilikuwa na mkanda wa kutu ya rangi ya chungwa pale kifuko cha mpira kilipopasuka, na grisi iliyobaki imekuwa ngumu mfano wa nta. Pini mpya, vifuko vipya, grisi ya silikoni, na gari ile iliacha kuvuta kulia. Oda ikafutwa.

Grisi yenyewe iwe ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya pini za kalipa. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na pini inakwama tena haraka kuliko mwanzo. Kwa sababu hiyo hiyo, usioshe sehemu yenye raba kwa petroli wala mafuta ya taa.

Pistoni nayo itazamwe. Ikiwa kifuko chake kimechanika na chumvi imeingia, uso wake unapata vidoa vya kutu, na vidoa hivyo vinakula sili kila pedali inapokanyagwa. Seti ya raba za kalipa ni bei ndogo, na fundi makini anazibadilisha kwa muda wa asubuhi moja. Pistoni yenye mashimo ya kutu isirudishwe hata ikisuguliwa ikang'ara.

Mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kutoka kwenye bomba la chuma hadi kwenye kalipa, huzeeka kwa namna mbili. Kuna inayovimba unapokanyaga, na pedali inakuwa laini. Na kuna inayoharibika ndani, njia ikaziba nusu, ikawa inapeleka mafuta lakini hairudishi. Tairi moja inabaki imebanwa na rimu inakuwa ya moto kuliko wenzake. Ukibadilisha, weka yote kwa pamoja. Mipira iliyofumiwa waya wa chuma ni mizuri na inafanya pedali iwe ngumu zaidi chini ya mguu, lakini usidanganyike kwamba tofauti yake na mipira mipya ya kawaida ni kubwa. Tofauti kubwa ni kati ya mpya na yenye miaka ishirini.

Diski: kila diski imeandikwa unene wake wa mwisho, ama ukingoni ama kwenye kofia ya katikati. Futa kutu kwa brashi ya waya utaiona. Diski iliyoanza na milimita 28, kwa mfano, mara nyingi mwisho wake ni 26, basi una milimita mbili tu za kutumia maisha yake yote. Kukereza kunafaa kama bado kuna nyama ya kutosha, na ni rahisi kuliko kununua. Ila diski iliyokerezwa mpaka chini ya mwisho wake haina chuma cha kubeba joto, na ndiyo maana inapinda tena baada ya muda mfupi. Kabla ya kuirudisha, safisha uso wa habu, pale diski inapokaa. Kipande kidogo cha kutu kati ya habu na diski kinatosha kuifanya diski iyumbe, na usukani utatetemeka, nawe ukamlaumu aliyekereza bure.

Pedali yenyewe inaongea ukijua kuisikiliza. Ikiwa laini ya kubonyea, kuna hewa au mipira imechoka. Ikiwa inashuka polepole unapoishikilia ukisubiri taa nyekundu ya barabarani, sili za mastasilinda zimekwisha. Ikiwa ngumu kama jiwe na gari haisimami, tazama busta, kile kifaa kinachousaidia mguu kusukuma pedali: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hapo kisha washa. Busta nzima itaivuta pedali chini kidogo. Isiposogea, kuna hewa inavuja au busta imekufa.

Pedi

Hapa ndipo pesa ndogo inapoleta faida kubwa, baada ya uzima. Ukiniambia nina fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye breki nzima ya gari ya spoti, nitakwambia pedi bora.

Ila pedi ndiyo spea inayoghushiwa kuliko nyingi. Boksi likiwa na jina kubwa halina maana yoyote; boksi linachapishwa kokote. Itoe pedi, igeuze ukingo, utafute maandishi yaliyogongwa au kuchapwa kwenye nyenzo yenyewe. Mwisho wa maandishi hayo huwa kuna herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa imepata moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Pedi ya EF huanza taratibu na kushika zaidi ikipata joto. Ya FE huanza vizuri na kulegea ikiwaka moto, na kwa vilima vya Pemba hiyo siitaki. FF inafaa kwa gari nyingi za barabarani, GG kwa anayekwenda kwa nguvu. Herufi hizi hazisemi kila kitu, hazisemi italiza kelele au itakula diski kiasi gani, na mghushi anaweza kuzichapa pia. Lakini pedi isiyokuwa na maandishi yoyote ukingoni usiinunue kwa bei yoyote.

Jihadharini pia na pedi za mashindano, zile zinazokuja mtumba kutoka Japani ndani ya gari iliyokwisha chezewa. Zimetengenezwa zishike zikiwa na moto wa mamia ya nyuzi. Asubuhi ukitoka nyumbani, mtoto wa chuoni akikatiza njia na juzuu yake mkononi, pedi hizo bado hazijaamka.

Ukibadilisha pedi za mbele kwa kali zaidi, fikiria na za nyuma, lakini nyuma zisizidi mbele. Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, gari inageuka, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kusimama mita mbili mbele zaidi. Vumbi la pedi kuukuu usilipulize kwa kompresa. Pedi za zamani na za bei ya chini zinaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa maji.

Sasa kalipa kubwa

Tuseme umefanya yote hayo, tairi ni nzuri, na bado unaendesha kwa namna inayozichosha breki. Hapo kubadilisha kalipa kuna maana, na njia ya bei nafuu ni kuchukua za ndugu yake mkubwa kutoka kiwanda kile kile. Seti za kufungwa mpya za kampuni zenye majina zinaweza kukaribia bei ya gari yenyewe.

Subaru ndiyo mfano mzuri kuliko wote. Kalipa za mbele za pistoni nne za Impreza WRX zinafungwa kwenye Impreza ya kawaida isiyo na tabo bila kuchonga kitu, pamoja na diski zake za milimita 294, mradi rimu iwe inchi 16 yenye nafasi. Wenye Altezza huchukua kalipa za pistoni nne za Celsior, ile Toyota kubwa, za miaka ya 1990, na wenye Mark II na Chaser hutafuta za Supra. Hizo huhitaji diski kubwa zaidi na mara nyingi rimu za inchi 17. Spea hizi zinapatikana kwenye gari zilizokatwa, zinazokuja kupitia Dubai na Sharjah au kununuliwa Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, kisha zikapandishwa boti.

Watu huhesabu pistoni wakidhani nne ni nguvu mara nne. Hesabu haiko hivyo. Kwenye kalipa isiyoteleza, nguvu ya kubana inatokana na pistoni za upande mmoja tu, kwani za upande wa pili zinasukumana nazo. Pistoni moja ya kipenyo cha milimita 60 ina eneo la milimita za mraba 2,827. Pistoni mbili za milimita 42 zina jumla ya 2,771. Kwa hiyo kalipa ya pistoni nne za 42 inabana kwa nguvu iliyo chini kidogo tu ya ile ya kawaida ya pistoni moja ya 60. Faida yake iko kwengine: inabana pedi ndefu kwa usawa, haipanuki, haina pini za kukwama, na inakuja na diski kubwa. Diski ya 294 mahali pa 260 inaongeza mkono wa kani, yaani umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi pedi inapobana, kwa asilimia 13 hivi, na ina chuma zaidi cha kubeba moto.

Ukinunua kalipa za mtumba, zichunguze pale pale dukani. Nipeli ya kutolea upepo isiwe imevunjika ndani. Pistoni zote zirudi kwa kusukumwa. Na utazame ni ya kulia na kushoto kweli: ikifungwa, nipeli lazima iwe juu. Kalipa zikibadilishwa pande, nipeli inabaki chini, hewa inakaa juu, na mnaweza kutoa upepo mpaka magharibi bila pedali kukaza. Kisha funga rimu, izungushe kwa mkono taratibu, na usikubali ikiwa hakuna angalau milimita 3 kati ya rimu na kalipa.

Eneo la pistoni likizidi la zamani kwa kiasi kikubwa, mastasilinda ya awali itahitaji safari ndefu zaidi ya pedali. Mara nyingi mastasilinda ya ile ile gari iliyotoa kalipa hutatua hilo, lakini silinda pana zaidi inataka mguu wenye nguvu zaidi, kwa hivyo usikimbilie kuibadilisha kabla hujajaribu. Na ukiongeza nguvu mbele peke yake kupita kiasi, magurudumu ya mbele yatafunga mapema huku ya nyuma yakifanya kazi ndogo, na umbali wa kusimama unaweza kuongezeka. Ndiyo maana mimi napendelea seti kamili, mbele na nyuma, kutoka gari moja. Mtengenezaji alishaipima mizani ile.

Vifuniko vya plastiki vyekundu vinavyovishwa juu ya kalipa ya kawaida ili ionekane kubwa, sivishauri kabisa. Vinazuia hewa kupoza breki. Diski za kutobolewa nazo sizipendi kwa gari ya barabarani: matundu hupunguza chuma, na nyufa huanzia hapo. Zenye mistari zinatosha, na diski nzima isiyo na urembo, iliyo nene na ya asili nzuri, inatosha zaidi.

Ukishafunga pedi na diski mpya, zinahitaji kuzoeana. Nenda barabara isiyo na watu, alfajiri, khasa si ile ya Mahonda saa ambazo gari za ng'ombe zimeshatoka. Kwanza jaribu kwa mwendo wa kutembea, uhakikishe pedali iko juu. Kisha panda hadi kilomita 60, kanyaga kwa kiasi mpaka 15, usisimame kabisa, panda tena. Mara nane au kumi. Utasikia harufu kali, ni kawaida. Baada ya hapo endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe, na ukiegesha usivute hendibreki wakati diski bado za moto.

Ukirudi nyumbani, tochi mkononi, tazama kila kiungo cha mpira na kila nipeli kama kuna unyevunyevu. Kaza nati za rimu tena baada ya kilomita 50 au 100. Kibuyu cha mafuta kiwekewe alama ya peni pale mafuta yalipo leo. Yakishuka ndani ya wiki, kuna panapovuja, na gari isitoke. Na kwa mnaokwenda Paje au Nungwi mkaegesha karibu na maji, mkirudi ziacheni breki zipoe, ndipo mzimwagie maji baridi yasiyo na chumvi, kisha mtembeze gari kidogo mkikanyaga kanyaga mpaka zikauke, ndipo muizime.